Muziki wa 24-bit/192 kHz: masikio yetu yanaupata, au twalipia namba?

MtuWaKibokoni

Assalaam aleikum wadau.

Kuna duka la mtandaoni ambako hununua muziki wa zamani, jazi na udi wa Kiarabu hasa. Albamu moja wanaiuza kwa namna tatu: MP3, FLAC (faili iliyobanwa bila kupoteza kitu) ya kiwango cha CD, na FLAC ya 24-bit/192 kHz. Hii ya mwisho bei yake yakaribia mara mbili ya ile ya CD. Tangazo lao linaapa kwamba utapata kila kilichosikika studio siku ile.

Nilipoangalia ukubwa wa faili nikashika kichwa. Wimbo wa dakika nne kwa kiwango cha CD ni MB 25 hivi. Huo huo kwa 192 unapita MB 150.

Vyombo vyangu ni vya kawaida: amplifaya ya Kijapani ya zamani, spika mbili za rafuni, DAC ndogo ya USB (kile kigeuzi cha namba kuwa sauti), na hedifoni za waya. Sitaki kuambiwa "nunua roho inachopenda". Nataka kujua kama humo ndani mna kitu sikio la binadamu linakipata.

KijanaBombolulu

MB 150 wimbo mmoja! Albamu nzima si itamaliza bando langu la wiki kabla mwimbaji hajasafisha koo?

Mimi nasikilizia kwenye matatu ya Bamburi. Humo hata ulete biti elfu, anayeamua ni makanga.

FundiMitambo

Waaleikum salaam. Kijana, tulia kidogo, mwenzio kauliza swali la maana.

Hizo namba mbili zina kazi mbili tofauti na watu wanazichanganya. Ya kHz inakwambia kimo cha wimbi la sauti kinapimwa mara ngapi kwa sekunde. CD iliingia sokoni 1982 ikiwa na 44.1, yaani vipimo 44,100 kila sekunde. Biti nazo ni usahihi wa kila kipimo kimoja.

Tuanze na kHz. Kanuni ya Nyquist na Shannon yasema ukipima zaidi ya mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo, wimbi lote unalipata. Lote, si sehemu yake. Zile picha za matangazo zenye wimbi la ngazi-ngazi upande wa CD na wimbi laini upande wa pili zinapotosha. Chomeka kifaa cha kuonyesha mawimbi kwenye tundu la DAC, CD nayo itatoka laini. Kwa hiyo 44.1 yachukua mpaka kama 22 kHz. Sikio la binadamu huhesabiwa mwisho 20 kHz, na hilo ni sikio la kijana. Ukishakuwa na wajukuu, hata 12 kHz waweza kuitafuta usiione.

Sasa 192 inachukua mpaka 96 kHz. Popo atakushukuru. Sisi wengine tumebeba mzigo tusiousikia, na wakati mwingine mzigo huo una madhara: amplifaya au spika isiyoyaweza masafa hayo hutoa vijisauti vya uongo vinavyoshuka mpaka eneo tunalosikia.

Biti: kila biti moja ni desibeli 6 takriban. 16 inakupa 96, na 24 kwenye karatasi ni 144. Nasema kwenye karatasi kwa sababu hata DAC za bei mbaya huishia kama biti 20 au 21, zilizobaki ni kelele ya umeme wa kifaa chenyewe. Chumba kilichotulia kina desibeli 30 hivi za kelele. Chako hapo Kibokoni, feni ikizunguka na mikokoteni ikipita, kina zaidi. Ongeza 96 juu ya 30 uone wafika wapi: mahali masikio yanapouma. Hizo nyingine utazisikilizia wapi?

Studio twatumia 24, na mimi hurekodi harusi kwa 24, ila sababu ni nyingine. Ukumbi wa harusi haupimiki. Mwimbaji atakuwa ametulia, halafu atunzwe noti, apande ghafla kipaza sauti kipige kelele. Kwa biti 24 naacha nafasi ya desibeli 18 au 20 juu bila wasiwasi wa kelele ya chini. Nikishamaliza kuchanganya, nikikushushia 16, hupotezi kitu unachoweza kukisikia.

SikioLaPaka

Fundi, heshima yako ipo, ila masikio si kalkuleta.

Nina hedifoni nzuri na DAC ya mezani, chumba changu hapa Nyali nimekitandika mazulia mpaka ukutani. Albamu moja ya udi ninayo ya CD na ninayo ya 24/96. Ya pili ina hewa. Ule uzi wa udi ukiguswa, mlio wake unakufa polepole mpaka mwisho. Kwenye CD unakatika kama umezibwa mdomo. Mke wangu hajui kHz ni mnyama gani, na alikuwa jikoni, akasema "hiyo ndiyo, iache hiyo".

Na utafiti upo, wa mwaka 2016, uliothibitisha kwamba watu wanasikia tofauti. Mbona hamuutaji?

KijanaBombolulu

Kila mjadala wa spika duniani una mke aliye jikoni 😂

BintiTudor

Kaka SikioLaPaka, utafiti upo kweli na hauna haja ya kufichwa. Ni wa Joshua Reiss wa chuo cha Queen Mary, London. Alikusanya majaribio 18 ya watu wengine, jumla ya maswali zaidi ya 12,000 waliyoulizwa wasikilizaji, akayachambua kwa pamoja. Majibu sahihi yalikuwa asilimia 52.3. Ukibahatisha kwa kurusha shilingi wapata 50. Kwa hiyo ndiyo, kuna kitu, na hesabu yake yaonyesha si bahati tupu. Waliofunzwa kwanza nini cha kusikiliza walifika kama 60. Ila 52 si ile "hewa" ambayo mtu anaitambua kutoka jikoni.

Kabla yake, 2007, Meyer na Moran wa Boston walifanya lao. Walichukua diski za SACD na DVD-Audio, zenye kiwango cha juu kuliko CD, wakazipiga moja kwa moja, kisha wakazipitisha kwenye mtambo unaozishusha mpaka 16-bit/44.1. Msikilizaji hajui ni ipi. Majibu sahihi yalikuwa 276 kati ya 554, chini kidogo ya nusu.

Sasa kuna jambo katika ripoti hiyo ya 2007 ambalo watu hulipita. Waandishi wenyewe walisema diski nyingi za SACD zilisikika vizuri kuliko CD za kawaida. Sababu yao ni kwamba waliozitengeneza walijua zitanunuliwa na watu wenye vyombo na vyumba vizuri, wakaziandaa kwa uangalifu zaidi.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Usilinganishe CD uliyonunua na 24/96 uliyonunua, kwa sababu huenda hizo ni kazi mbili tofauti. Chukua ile ya 24/96, ishushe wewe mwenyewe mpaka 16/44.1, na usisahau kuwasha ditha, ile kelele ndogo ya makusudi inayoficha makosa ya kupunguza biti. Halafu zilinganishe hizo mbili kwa foobar2000 yenye kiongezo cha ABX. Programu itakuficha ipi ni ipi. Hakikisha sauti zina ukubwa mmoja, maana moja ikizidi hata kwa sehemu ya desibeli, sikio halitasema "hii ni kubwa", litasema "hii ni nzuri".

MtuWaKibokoni

Dada BintiTudor, hapo "kazi mbili tofauti" nifafanulie. Si ni wimbo ule ule, siku ile ile, studio ile ile?

FundiMitambo

Nijibu mimi, huu ndio mkate wangu.

Kurekodi ni jambo moja, masta ni jambo jingine. Masta ndiyo hatua ya mwisho kabla ya mauzo. Fundi anachukua mkanda ulioshachanganywa, anarekebisha besi na trebo, na anaamua tofauti kati ya sauti ya chini na ya juu iwe kubwa kiasi gani. Albamu ya 1965 inaweza kuwa na masta ya santuri, masta ya CD ya miaka ya themanini, nyingine ya 2000 na kitu, na nyingine ya juzi.

Kuanzia miaka ya tisini makampuni yalishindana nani wimbo wake unapiga kelele zaidi redioni. Ili wimbo uwe na kelele unakandamiza vilele vyake na kuinua vya chini mpaka wimbi lote likae karibu na dari. Ukilitazama kwenye kompyuta ni tofali. Ngoma haipigi tena, inasukuma. Udi ndio huumia zaidi, kwa sababu uzuri wa udi uko kwenye kupiga na kufa. Ukikandamiza, ule mkia wa sauti unainuliwa unagongana na mpigo unaofuata.

Sasa mtu akienda kwenye mkanda wa asili, akatengeneza masta mpya isiyokandamizwa, akaiuza kwa 24/96, bila shaka itakuwa nzuri. Lakini uzuri umo kwenye masta. Itie kwenye CD, inabaki nzuri.

Na kuna upande wa wizi. Mtu achukua faili ya CD, aipandisha kwenye kompyuta iwe 192, auza. Ukitaka kumkamata, fungua faili kwenye Audacity au Spek, tazama picha ya masafa. Ukiona ukuta kwenye 22 kHz na juu yake kweusi tii, hiyo yaelekea imetoka CD. Ukuta ukiwa kwenye 16, huenda mama yake ni MP3 ya kbps (kilobiti kwa sekunde) 128.

SikioLaPaka

Nimefanya alivyosema dada.

24/96 dhidi ya ile niliyoishusha mwenyewe: imenikatalia. Nimebadilisha hedifoni, nimezima feni nikatoka jasho, nimesikiliza zile sekunde za mwisho za kila wimbo ambapo mlio unakufa. Siwezi kuzitenga.

24/96 dhidi ya CD niliyonunua: nazitenga nikiwa nimefumba macho, kila mara. Nikazifungua zote mbili kwenye Audacity. Ya CD ni tofali alilosema Fundi. Ile nyingine ina vilele na mabonde.

Kwa hiyo niliyosikia nilisikia, na mke wangu kadhalika. Na masta hiyo nzuri hawaiuzi kwa kiwango cha CD, iko kwenye 24/96 peke yake. Mwaniambia nifanye nini? Nitaendelea kuinunua.

FundiMitambo

Nunua. Ugomvi wetu umebaki ni kwa nini wamekulazimisha kulipia gunia ili upate kibaba chako cha mchele.

KijanaBombolulu

Na sisi wa Bluetooth? Simu yangu ina alama ya sauti ya juu kabisa, nikacheza hiyo FLAC, nikajiona bosi.

BintiTudor

Mdogo wangu, CD ni kbps 1,411. Bluetooth ya kawaida, ile kodeki (njia ya kubana sauti) ya SBC, mwisho wake ni 328 hivi. Kodeki nyingine, LDAC, yafika 990 ikiwa simu haiko mbali na hewa haina msongamano. Hata uanze na 24/192, simu yenyewe inaikamua upya kabla ya kuituma. Apple walipoleta muziki usiopotezwa kitu mwaka 2021, bila nyongeza ya bei, walisema wazi kwamba AirPods hazitaupata kwa Bluetooth. Na kile kiungio chao kidogo cha waya kinaishia 24-bit/48 kHz.

Tumia MP3 ya 320 au AAC nzuri, weka bando lako. Tofauti ya 320 na CD nayo ni ngumu kuisikia. 128 ya zamani ndiyo inayojulikana mara moja, hasa kwenye makofi na matasa, yanakuwa na majimaji.

FundiMitambo

Mnakumbuka Pono? Neil Young, mwanamuziki mkubwa tu, 2014 alichangisha zaidi ya dola milioni 6 Kickstarter kwa kifaa cha mfukoni cha kucheza faili hizi, bei dola 399. Kufikia 2017 mambo yalikuwa yamekwisha. Kifaa chenyewe kilikuwa na sauti safi sana, haki ya Mungu. Kingekuwa safi vile vile kwa faili za CD.

AbuuDeki

Wanangu, nimesoma kimya, sasa nami nina langu.

Hapa mjini kuna mtu anauza flashi za taarabu za zamani, kaandika juu yake "24-bit 96 kHz, sauti halisi ya studio". Nimeinunua moja. Wallahi ni kaseti. Tena si kaseti ya kwanza, ni nakala ya nakala, yavuma na yayumba. Alichokifanya ni kuichomeka kwenye kompyuta na kubofya namba kubwa.

Kaseti ni mkanda wa chini ya milimita 4, unapita kwa sentimita 4.76 kwa sekunde. Ile ya kawaida ya oksidi ya chuma, bila Dolby (mfumo wa kupunguza shhh), yakupa kama desibeli 50 na kitu kati ya muziki na ile shhh yake. Kwa hesabu ya Fundi hiyo ni biti 9, ukibahatika. Trebo yake yapotea njiani kabla ya kufika kHz 15, na kila ukinakili yapungua tena. Shhh ya biti 24 ni shhh tu.

Lakini msidhani basi kaseti zote zisikika vibaya. Ninazo za Mbwana Radio Service, lile duka la kaseti la Mombasa, za marehemu Juma Bhalo, nina za Zein l'Abdin, nina za Zuhura Swaleh zenye taishokoto (kile kinanda cha nyuzi cha Kijapani), ambazo ukizicheza kwenye deki iliyotunzwa utashangaa. Hizo flashi zimeharibiwa na deki, wala si na kaseti.

Sikilizeni niwaambie hapo panapoibwa sauti. Kichwa cha deki, kile kinachosoma mkanda, kinatakiwa kisimame wima barabara na mkanda. Kikipinda nywele moja, trebo yote yaondoka, na hakuna kompyuta itakayoirudisha. Pembeni ya kichwa kuna skrubu mbili, moja ina chemchemi au rangi juu yake. Hiyo yenye chemchemi au rangi ndiyo ya kuchezea. Weka kaseti, sikiliza kwa sauti ya pamoja isiyo stirio, chukua bisibisi ndogo isiyo na sumaku, zungusha kidogo sana, kulia kisha kushoto. Utasikia sauti inajifunga, halafu mahali fulani inafunguka, taishokoto inatokea mbele kana kwamba mtu kavua kilemba usoni pake. Hapo simama. Na kila kaseti ina mahali pake, kwa sababu deki iliyoirekodi nayo ilikuwa na kupinda kwake. Mwenye flashi hajafanya hivyo hata mara moja, naapa.

Ya pili ni hali ya hewa yetu. Chumvi na unyevu. Ule mpira wa deki unayeyuka unakuwa lami, ukiugusa vidole havisafishiki siku nzima. Kaseti ikikaa kabatini inaota ukungu mweupe ukingoni mwa mkanda. Usiicheze hivyo, utachafua kichwa na kaseti inayofuata. Na kile kipande cha sponji ndani, kinachosukuma mkanda kwenye kichwa, gundi yake yakauka kinaanguka. Watu hutupa kaseti wakisema imekufa, na kumbe ni sponji tu. Mimi nahamisha kutoka kaseti mbovu ya mahubiri au ya mafunzo ya Kifaransa, naweka.

MtuWaKibokoni

Ami AbuuDeki, umenigusa penyewe. Marehemu baba ameacha sanduku zima la kaseti, nyingine ni za harusi za mtaani, hazipo popote pengine. Nizihamishe kwa kiwango gani? Maana tumesema 24/96 ni upuuzi.

FundiMitambo

Tumesema ni upuuzi kwa kusikiliza. Kwa kuhifadhi mambo yabadilika. IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, kinapendekeza isipungue 24-bit/48 kHz, na 96 ikiwezekana. Sababu ni ile ile ya harusi: hujui sauti itapanda wapi, na baadaye utataka kusafisha. Weka kilele kisipite desibeli -12 hivi, usikimbizane na taa nyekundu. Kaseti ya dakika 60 kwa 24/48 ni GB moja takriban kabla ya kuibana kwa FLAC, si kitu.

Hifadhi faili ghafi usiiguse. Tengeneza nakala, hiyo ndiyo uisafishe. Mvumo wa umeme wetu uko 50 Hz na vizidishi vyake, unatoka kwa urahisi. Ile shhh iache kwa sehemu kubwa. Nimeona watu wanaiondoa yote na sauti ya mwimbaji inabaki imetumbukia kisimani.

Halafu ukitaka kuwapa ndugu, washushie MP3 320, wala hawatakuuliza.

SikioLaPaka

Ninayo deki ya vichwa vitatu, haijafanya kazi muda, nadhani ni mpira. Ami akiitengeneza, naitoa itumike kwa kaseti za mzee. Na DAC yangu ina upande wa kuingiza sauti pia.

AbuuDeki

Ilete. Mpira nitapata Biashara Street au nitakata mwenyewe. MtuWaKibokoni, kaseti zilete ndani ya mfuko wa nailoni wenye mchele mkavu au ile dawa ya kukausha inayokuja na viatu, usiziache kwenye gari juani. Na niandikie zipi zilirekodiwa na Dolby, kama alama ipo.

MtuWaKibokoni

Nimeangalia, hamna alama hata moja. Baba hakuwa na deki ya Dolby, alikuwa na redio-kaseti tu.

AbuuDeki

Basi swichi ya Dolby izimwe tangu mwanzo, ikiwaka itameza trebo iliyobaki. Jumamosi baada ya alasiri nipo.